Neno la Mhariri: Sanduku la Kufuli Tatu

Jiwe la Liganga ukilishika linakushtua kwa uzito. Ni jeusi, baridi ya Ludewa imelala ndani yake, na ukilisogezea sumaku linanata. Hesabu za Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, zinataja tani milioni 126 za madini ya chuma katika vilima vya Liganga, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, pamoja na titani na vanadi. Titani ndiyo inayowasumbua wayeyushaji, kwa kuwa katika tanuru la kawaida hufanya taka za chuma ziwe nzito kama uji uliopitiliza, zisitiririke. Vanadi kidogo tu, nayo, huipa feleji uimara wa pekee.

Majukwaani nimesikia mara nyingi watu wa Njombe wakilinganishwa na jiwe hili: chuma hupita motoni, nasi tupite, tutoke imara. Mfano huo siukubali. Wahunzi wa zamani wa nyanda hizi hawakuliacha jiwe motoni wakaenda zao. Walikaa nalo, wakapokezana mivukuto, huyu akichoka yule anashika. Shida peke yake haimkomazi mtu. Wengi tunaowajua iliwamaliza.

Chukua hiyo hiyo Liganga. Septemba 2011 NDC ilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, wabia wetu wakiwa na asilimia 80 na sisi 20, kwa mradi wa takribani dola bilioni 3 uliounganisha chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Tanuru halikuwaka. Tathmini ya mali za wananchi wa kupisha mradi ikafanyika mwaka 2015, na fidia, zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa watu zaidi ya 1,100, ikaja kulipwa mwaka 2023.

Miaka minane. Mtu aliyeambiwa shamba lake limeshathaminiwa apande nini hapo katikati? Parachichi, linalotaka miaka mitatu au zaidi ndipo lizae? Nyumba inayovuja aiezeke upya, au asubiri? Kijana wake aende Makambako kupakia magari ya mbao, au abaki kuilinda ajira iliyoahidiwa? Ugumu wa kungoja namna hii ni kwamba hauna siku ya mwisho. Njaa ina msimu, na mkulima anajua mvua itarudi lini.

Nimekaa na kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha akina mama huko Ludewa. Sanduku lao ni la bati, limepakwa rangi ya bluu, lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Mwenyekiti alinieleza kwamba walianza kama kikundi cha kuzikana, wakati UKIMWI ulipokuwa ukipita nyumba hadi nyumba. Utafiti wa 2011-12 uliikuta Njombe ikiongoza nchini, asilimia 14.8 ya watu wazima wakiishi na virusi. Baadaye wakaanza kuchangia ada za yatima, kisha mikopo ya mbolea. Fidia ilipochelewa, baadhi yao walitaka sanduku livunjwe wagawane. Walibishana wiki mbili. Mwishowe walipunguza bei ya hisa, ili hata aliyekaukiwa aendelee kuja kikaoni, na kila aliyesikia habari ya mradi akatakiwa aseme ameisikia kwa nani. Naliona hilo la pili kuwa jambo kubwa kuliko hata fedha. Uvumi ulikuwa umewachosha kuliko umaskini.

Hapo ndipo uimara wanaouandika waandishi wetu katika toleo hili unapojengwa: kwenye kanuni ndogo ambayo watu wamekubaliana na wakaishika wakati wa dhiki. Utaukuta kwa wapakiaji wa Makambako, kwa walimu waliohamishwa katikati ya mwaka, na kwa wakulima wa viazi waliobadili mbegu baada ya hasara.

Nawaomba pia wenye mamlaka wasome. Uvumilivu wa wananchi usigeuzwe kuwa akiba ya kuchotwa kila ratiba inapoteleza. Anayechelewa kulipa awape watu tarehe, na tarehe ikibadilika, aende mwenyewe kijijini kuwaambia.

Siku niliyowatembelea, funguo mbili zilikuwa tayari mezani. Mwenye ufunguo wa tatu alikuwa na homa, yuko nyumbani. Hakuna aliyependekeza kufuli lipigwe nyundo. Walisubiri, wakasomeana mahudhurio, wakauliziana bei ya mahindi. Baada ya kama nusu saa mtoto akaingia anahema, miguu imejaa tope jekundu, na ufunguo umefungwa kwenye kona ya khanga ya mama yake.