Mto Katuma Nao Ni Darasa

Muulize mtoto wa shule mjini Mpanda habari za Serengeti, naye atakujibu pasipo kusita. Muulize habari za Katavi, iliyo mwendo wa kilomita zipatazo 40 tu kusini mwa mji wake, na huenda akakwambia kwamba hajapata kuiona. Jambo hili halitupendezi.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na mwaka 1998 ikapanuliwa hata kufikia kilomita za mraba 4,471. Wageni huvuka bahari kuja kuitazama. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa porini ni sehemu ya utajiri wa nchi, na kwamba yatupasa kuwatunza kwa ajili ya wajukuu wetu. Yawezekanaje basi wajukuu hao wawe wa mwisho kuiona amana yao?

Walakini kuwapakia watoto katika basi wakamtazame kiboko, kisha wakarudi, si elimu. Elimu ya Katavi yaanza mtoni. Mto Katuma hupita penye mashamba ya mpunga, huingia hifadhini, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Kiangazi kinapokaza, viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi ya matope, wakipigana na pengine kufa. Mamba nao hujificha katika mapango ya kingo za mto. Kiangazi ni desturi ya nchi ile tangu zamani, lakini mabanio na mifereji ya huku juu imekizidisha ukali.

Hapo ndipo penye neno zito. Mkulima wa mpunga si adui. Mpunga wake ndio wali wa mfanyakazi wa Mpanda, na ndio sare na madaftari ya mtoto wake. Kumwita mharibifu na kumvunjia banio bila kumwonyesha njia nyingine ni kumfundisha kuichukia hifadhi. Lakini naye akumbuke kwamba maji si mali ya aliyetangulia kuyafikia. Chini yake wako wanyama, na chini ya wanyama wako wavuvi wa Rukwa, nao ni wananchi kama yeye.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, kila mwanafunzi wa shule za msingi za Mpanda apelekwe Katavi walau mara moja kabla ya kumaliza masomo, tena wakati wa kiangazi. Aanzie mashambani, aufuate mto hadi Sitalike, ajionee mwenyewe maji yanavyopungua. Vilabu vya Malihai, vilivyoanza mwaka 1980, vyaweza kuwasaidia walimu katika kazi hiyo. Pili, wazazi wakulima waalikwe katika safari hizo, na wenye mamlaka ya maji na ya hifadhi wakae nao chini, wakubaliane kiasi gani kichotwe, na mifereji ijengwe vizuri ili maji yasipotee bure.

Sheria peke yake haitaulinda mto usiku na mchana. Atakayeulinda ni yule anayejua unakokwenda. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Nasi twasema, tuuwahi Katuma ungali na maji.