Uma Si Adabu Yote

Iko tabia iliyoenea kati ya watu wetu waliosoma, nayo yafaa ipingwe waziwazi. Mtu akisafiri nchi ya kigeni huchukua mkate wake, samaki wake wa kopo na chupa yake ya chai, akaenda na kurudi pasipo kutia mkono katika chombo cha mwenyeji hata mara moja. Kisha huketi barazani akatusimulia jinsi watu wale wanavyokula "kama washenzi." Mimi nasema mtu huyo hakusafiri, alipelekwa kama mzigo, akarudishwa.

Nasema niliyoyaona. Tulikuwa walimu sita katika motakaa moja, kutoka Nairobi kupita Isiolo na Marsabit mpaka Moyale, na kutoka hapo kwenda Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Ukivuka mpaka, gari huacha upande wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia, wala hakuna dereva abishaye, maana akibisha atakufa. Lakini mezani wenzangu walitaka kushika upande wa kwao mpaka mwisho wa safari.

Chakula cha kule ni injera, mkate mpana, mwembamba, wa nafaka ndogo iitwayo tefu. Unga wake huachwa siku mbili tatu mpaka uchachuke, kisha hupikwa juu ya kikaango kipana. Mkate hutandazwa katika sinia moja, na michuzi humiminwa juu yake. Watu hunawa, huzunguka sinia, humega kwa mkono wa kulia. Je, mtoto wa Lamu au wa Tabora angeona ajabu gani hapo? Sinia tunalo, kunawa tunajua, na habari ya mkono wa kulia tulifundishwa na bibi zetu. Lakini mwalimu mmoja wa msafara wetu aliomba uma. Uma haukuwapo, akala mkate wake.

Tena iko desturi iitwayo gursha. Mwenyeji humega tonge nono, akalikunja vema, akamtia mgeni kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Ni heshima, tena ni pendo. Mjini Dilla mama mwenye mkahawa alimnyoshea tonge mwenzetu yule, naye akageuza uso. Mkono wa yule mama ulibaki hewani mbele ya watoto wake. Hakusema neno; akampa mwanawe tonge lile, akaenda kupuliza makaa. Waonaje, msomaji? Ni nani aliyekosa adabu pale?

Mwenzetu akajitetea kwa methali, Mwacha mila ni mtumwa. Ajabu! Tangu lini uma umekuwa mila yetu? Hata Waingereza hawakuzaliwa nao. Thomas Coryat, Mwingereza aliyesafiri mpaka Italia mwaka 1608, aliwaona watu wa huko wakila nyama kwa uma, naye akaifuata desturi ile hata aliporudi kwao. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1611, na wenzake walimcheka. Basi uma huu tunaoutukuza ulikuwa kichekesho cha wageni, na Coryat aliujua kwa sababu alikubali kula kama wenyeji wake walivyokula.

Wengine husema wanalinda afya. Hili nalikubali kwa sehemu. Nyama mbichi, ambayo wengi kule huipenda sana, yaweza kuleta tegu, na mtu ana haki kuikataa kwa maneno mazuri. Lakini dengu iliyotokota jikoni ina kosa gani?

Kosa ni la asiyeuliza. Wakristo wa kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na tena siku 55 kabla ya Pasaka. Wenzangu walifika Hawassa siku ya Jumatano, wakadai kuku, wakamwita mwenye mkahawa mvivu, na dengu, shiro na mboga za kila namna zilikuwa mbele yao. Vilevile Mkristo na Mwislamu kule, kwa desturi, kila mmoja hula nyama iliyochinjwa na watu wa dini yake. Ajuaye hili huuliza kabla ya kumwalika mtu.

Na kahawa je? Buni hukaangwa mbele ya mgeni, naye hupitishiwa moshi aunuse. Kisha hutwangwa, huchemshwa katika chungu kiitwacho jebena, na kumiminwa mara tatu: abol, tona, na bereka, ambalo ni ndugu wa neno letu baraka. Wenzangu waliondoka baada ya kikombe cha kwanza, wakitazama saa. Hata saa za kule huhesabiwa tangu mapambazuko kama zetu za Kiswahili, nao walirudi pasipo kujua.

Sipingi mtoto kufundishwa kisu na uma shuleni. Afundishwe, huenda vitamfaa. Lakini afundishwe pia kuuliza popote afikapo: Nanawa wapi? Naketi wapi? Nani huanza? Mwalimu yule ataongoza safari ya wanafunzi likizo ijayo, kwa njia ile ile, na watoto wamekwisha agizwa kuchukua mkate wa siku nane. Nawaomba wazazi wasiununue.