Kabla uulize bei, soma herufi

Wasee, hizi video za "sarafu za mamilioni" zimezidi. Jamaa anashika shilingi ya enzi ya mkoloni, anaapa kwamba ya mwaka 1944 ni utajiri. Chini yake watu wamejaa wakiuliza, "Nauzia wapi?"

Swali langu ni moja: 1944 gani?

Shilingi ya East Africa ya 1944 iko ya aina zaidi ya moja. Mfalme ni yuleyule George VI, simba ni yuleyule. Tofauti ni herufi, ndogo kiasi kwamba bila lenzi unaipita tu. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. SA ni Pretoria, Afrika Kusini.

Chukua pia ndururu na peni za 1936, zile za tundu katikati. Zina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo. Ziko za H, ziko za KN, yaani King's Norton, Birmingham pia, na ziko zisizo na herufi yoyote. Hizo zilitoka London. Kwa hivyo hata kukosa herufi ni alama.

Sasa mtu anayekutajia bei bila kuuliza herufi, anajuaje ni sarafu gani? Hajui. Anabahatisha, ama anakuchota. Na akisema utume kwanza pesa za usajili, mpige bloku.

Lakini pia msidhani herufi ni bahati nasibu. Nyingi za hizi si adimu. Bei inategemea zimebaki ngapi, na hali ya hiyo yako. Ndiyo maana nawaomba: msizisugue na stilwuli zing'are. Ukishaikwaruza, mkusanyaji makini anaona mara moja na bei inashuka.

Kitu cha kufanya ni rahisi. Weka taa kando, si juu. Piga picha pande zote mbili, kuza, andika mwaka na herufi. Hapo sasa ongea bei.

Maana huku tukingoja mamilioni ya TikTok, kuna broka anazunguka mashambani akinunua mkebe mzima wa shosho kwa bei ya soda. Shosho amezitunza miaka hii yote. Sisi tulio na simu tunashindwaje kuzisoma dakika tano?