*TAARIFA YA TAWI: BARAZA LA KATA BILA FUNGU, GHARAMA ANABEBA MNYONGE*



Kila bajeti ya halmashauri inapoandaliwa tunataja barabara, maji, zahanati na madarasa. Tutaendelea kuyadai. Lakini kuna jambo ambalo hatulitaji: fedha za kuendesha Baraza la Kata.

Ugomvi wa mpaka wa shamba au ardhi ya urithi huanzia hapo. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, baraza lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu kwenye ardhi, linasuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka Kata ithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu.

Kusuluhisha ni kazi. Wajumbe waende shambani, wakague mpaka, wasikilize majirani, waandike. Hapo panahitajika nauli, karatasi na posho. Katika kata nyingi nchini wajumbe hawa wanajitolea tu.

Fungu likikatwa, gharama haifutiki. Inahamia kwa mlalamikaji, ambaye ndiye anayeombwa nauli na karatasi. Na aliyelipia safari ya wajumbe akishinda, hata kwa haki, mwenzake hataamini. Mjane asiye na kitu ananyamaza, shamba linakwenda.

Tunajibiwa kuwa halmashauri haina fedha. Ni kweli mapato ni madogo. Lakini asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu kwa sababu sheria imetamka. Usuluhishi haujatamkiwa asilimia yoyote, ndiyo maana ni rahisi kuukata. Tusipoudai sisi, hakuna wa kuudai.

Huku kwetu tunajua haki ikiwa mbali watu hufanya nini. Sungusungu walianzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Ng'ombe walirudi, lakini wapo waliopigwa na kufukuzwa kijijini bila kusikilizwa. Katiba, ibara ya 107A, inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Kukosa karatasi na nauli si sababu ya msingi.

Kwa hiyo tunaelekezana hivi:

1. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kila mwanachama aombe fedha za Baraza la Kata ziingizwe kwenye vipaumbele, na ombi liandikwe kwenye muhtasari.
2. Tumwombe Diwani alisemee kwenye Baraza la Madiwani kabla bajeti haijapitishwa. Mwaka mpya wa fedha ukianza Julai 1 tutakuwa tumechelewa.
3. Ukitakiwa kulipa chochote kwenye shauri lako, dai stakabadhi.
4. Mwenye shauri la ardhi aandike tarehe aliyolifikisha Kata, ahesabu siku 30.

Hatumlaumu mjumbe yeyote wa baraza. Tunadai wapewe nyenzo, ili asiye na nauli naye asikilizwe.

Mtumie na jirani asiye na simu ujumbe huu kwa mdomo.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi, Didia_