Mkunga Asingoje Amri

Mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, aliye karibu naye ni muuguzi mkunga wa zamu. Huenda daktari yuko chumba cha upasuaji au nyumbani kwake. Je, mkunga huyo angoje amri, au atende?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha akina mama zaidi ya 200,000 katika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, umetoa jibu. Badala ya kukisia kwa macho, wakunga walipima damu kwa mfuko wenye alama. Ilipofika nusu lita, au hata kabla yake hali ilipotia shaka, walitoa huduma zote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza na za kuzuia damu, maji ya mshipani na uchunguzi. Kutokwa damu kwa hatari, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo na hali hiyo, kulipungua kwa asilimia 60.

Wako wasemao kwamba madaraka kwa wauguzi yatazaa makosa. Ndugu zangu, kungoja nako ni kosa, tena lisilorekebishika. Kumbebesha muuguzi lawama huku tukimnyima madaraka ni dhuluma.

Hatuna budi kila wodi ya wazazi iwe na mfuko huo, dawa zisizofungiwa kabatini usiku, na mwongozo ulioandikwa. Muuguzi aufuataye alindwe na viongozi wake.