Sauti Iliyonaswa ni Mali ya Nani?

Mwaka wa 1978 jarida la Stern la Ujerumani lilichapisha picha za matambiko ya siri ya Waarrernte, wenyeji asilia wa Australia ya kati. Aliyeliuzia picha hizo ni T.G.H. Strehlow, mwanaisimu aliyezaliwa miongoni mwao katika misheni ya Hermannsburg, akakijua Kiarrernte tangu utotoni. Wazee walikuwa wamemkabidhi nyimbo na vifaa vyao vitakatifu, naye akashikilia kwamba vyote ni vyake. Punde si punde picha zikachapishwa huko huko Australia, zikafikia macho ya watu ambao kwa mila hawakustahili kuziona.

Simcheki marehemu. Mimi nami nimeketi mbele ya wazee na kinasa sauti, kisha kanda nikazifungia kabatini. Ufunguo ninao mimi.

Mwaka wa 2018, kupitia kundi la Maiam nayri Wingara, wenyeji hao wa Australia walitangaza kuwa wana haki ya kuzitawala data zinazowahusu, tangu kukusanywa hadi kusambazwa. Wapo wasomi wanaohofu kwamba utafiti utakwama. Siamini. Kitakachokwama ni mazoea yetu ya kuomba idhini ya kurekodi pasipo kueleza kanda zitalala wapi.