Mfungulieni Mlango Mhandisi Huyu

Kijana akisema anasomea uhandisi wa kompyuta, jamaa humwona tayari ameajiriwa benki au kampuni ya simu. Akiongeza kwamba nia yake ni kutengeneza vifaa vya watu wenye ulemavu, tunamsifu, halafu tunamuuliza: na hiyo italipa? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja. Wateja wapo. Wakazi wenzangu wa Nairobi, ninalowaomba ni tumkutanishe nao mapema.

Roy Allela, mhandisi Mkenya, ana mpwa aliyezaliwa kiziwi, na nyumbani hakuna aliyejua lugha ya ishara. Akabuni glavu za Sign-IO: kila kidole kina sensa inayopima kilivyojikunja, taarifa huruka kwa Bluetooth hadi kwenye simu, simu ikatamka. Mwaka 2017 zilimpatia tuzo ya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyotokea alipozijaribu katika shule ya mahitaji maalumu kaunti ya Migori. Huko ilidhihirika kwamba kasi ndiyo kila kitu: mtoto huyu huashiria taratibu, yule mbio, na programu sharti imfuate mwenyewe. Hata sura ya glavu ina maana. Ikifanana na ya Spider-Man, mtoto haoni haya kuivaa. Hayo huwezi kuyagundua ukiwa umejifungia maabara. (Na tusidanganyane: lugha ya ishara huzungumza kwa uso pia, kwa hiyo glavu hazituondolei sisi tunaosikia wajibu wa kujifunza.)

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi hashindwi kupata waya na sensa; maduka ya Barabara ya Luthuli ni mwendo wa miguu tu. Anachokosa ni mtu wa kumwambia, "Hiki kitanichubua mkono," au "Hiki hakitapita kwenye vichochoro vya Kawangware." Mtu huyo hayuko mbali. Kando ya Waiyaki Way lipo Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, na APDK, chama kilichoanza 1958, kinaunda viti vya magurudumu.

Basi mhadhiri, usitoe alama za mradi kabla mwanafunzi hajaketi na atakayeutumia, tena si siku ya maonyesho, bali kabla hata ya kukata waya wa kwanza. Fundi wa Luthuli, kijana akikuletea saketi iliyoungua, mweleze imeungulia wapi, mauzo yatakuja. Makanga wa matatu ya namba 46, mwache apime mlango na ngazi za gari lako likiwa stejini. Nawe unayetumia fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu, mpokee, lakini akulipe nauli na muda wako, maana ujuzi wako nao ni kazi. Ibara ya 54 ya Katiba inakupa haki ya kupata vifaa vya kukuondolea vikwazo, si hisani.

Asiye na karakana wala darasa ana sauti. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya usemi wa Kiswahili wa watu wa kawaida, ili mashine zimwelewe hata asiyeweza kuandika kwa vidole. Zima redio jioni, shika simu, usome sentensi chache kwa lafudhi yako ya Kangemi.